Alikosimama Bwana Mita

Shangazi yangu ana wivu, na sitaanza kwa kumwombea radhi. Wapo waliozaliwa na sauti ya kuimba, wapo waliozaliwa na mkono wa kupika. Yeye alizaliwa na wivu, akautunza kama kisu cha jikoni, na haukuwahi kuota kutu. Ni dada mkubwa wa baba yangu. Kazi yake ni udobi, na huko kazini, kwenye chumba kirefu chenye mvuke, meza za kupigia pasi na kamba zilizolemewa na mashuka ya watu, wanamwita Darubini.

Jina hilo hakupewa bure. Shati likipita mikononi mwake, hulisoma. Poda kwenye kola, unywele uliojificha kwenye mshono, harufu ya sabuni ambayo haitumiki nyumbani kwa mwenye shati, vyote huviona. Wake za watu wamewahi kuja dirishani na nguo moja mkononi, kumbe wanachotaka ni kusikia nguo za wiki iliyopita zilisema nini. Hawapati kitu. "Mimi naondoa madoa," huwajibu. "Ndoa mkaziondoe wenyewe."

Mumewe ni msoma mita za maji, na mtaa mzima unamwita Bwana Mita. Walikutana hapo hapo udobini. Alikuja kusoma mita, akaikuta imefunikwa na beseni la nguo, akamwomba shangazi alisogeze. Shangazi akakataa mpaka amalize kusuuza. Kijana yule akasubiri, tena bila kununa. Shangazi husema alimpendea kusubiri kule, na husema pia kwamba tangu siku ile alianza kujiuliza ni mabeseni ya akina nani wengine anayoyasubiri. Maana fikiria mwenyewe: mwanamume ambaye riziki yake inatokana na kubisha hodi, kuingia nyua za watu mchana waume zao wakiwa kazini, na kukaribishwa maji ya kunywa kila mlango. Hata mwanamke mwenye moyo wa jiwe angekosa usingizi.

Kwa hiyo alipoolewa alimpa sharti moja. "Siku nikikuta mwanamke," alimwambia, "sitapiga kelele wala sitammwagia mtu maji ya moto. Nitachukua pasi yangu na kuondoka." Pasi ile ni ya chuma kizito, ameirithi kwa mama yake, na ndiyo mali pekee anayoihesabu kuwa yake peke yake. Bwana Mita alijua si mzaha. Walizaa, wakalea, watoto wakaondoka kwenda kwao, na sharti likabaki pale pale.

Watu humcheka mwanamke mwenye wivu. Mwanamume akiwa nao, husifiwa kwamba anajua kulinda nyumba yake. Mimi simcheki shangazi, na nitakachosimulia ndicho sababu.

Habari aliletewa na mwenzake wa meza ya pili, mwanamke mnene mchangamfu wanayemwita Redio, kwa kuwa hana mahali pa kumzimia.

"Shoga," alisema Redio, akinyunyizia maji kwenye mto, "hivi mumeo anashonesha suti?"

"Suti ya nini?"

"Nitajuaje? Namwona tu kila jioni kasimama dirishani kwa yule fundi cherehani, pale baada ya duka la dawa. Kasimama hivi, mkono kiunoni. Nikasema labda anapimwa."

"Pale pana mita," alisema shangazi.

"Mita iko nyuma ya jengo, karibu na choo. Mbele kuna fundi."

Wenzao wote wakainamia pasi zao. Hakuna aliyecheka, na shangazi anasema hapo ndipo moyo ulipomchoma, maana kicheko angejua la kukifanya.

Yule fundi alimjua kwa sura. Mwanamke wa makamo, anaishi peke yake, sauti ya chini, hana haraka. Lakini kilichomkera zaidi ni mikono. Mikono ya fundi ilikuwa laini, vidole virefu, kucha nzima. Shangazi alitazama ya kwake, iliyopauka na kupasuka kwa sabuni na maji ya moto, akaificha ndani ya foronya ya mteja.

Jioni ile alimuuliza mumewe kwa sauti ya mtu anayeuliza kama chumvi imetosha: "Siku hizi unasimama pale kwa fundi cherehani kuna nini?"

"Naangalia mita," alijibu Bwana Mita.

Ndiyo hiyo. Neno dogo, limetoka haraka, halikuhitaji hata kutafunwa. Siku ya mapumziko shangazi alizunguka nyuma ya lile jengo kwa miguu yake mwenyewe, akaiona mita karibu na choo, imefunikwa na majani. Akarudi nyumbani. Uongo ni kama uzi uliochomoza kwenye sweta. Ukishauona, mkono hautulii.

Tangu hapo kila kitu kikawa ushahidi. Alipofua suruali ya kazi ya mumewe, ya bluu, alikuta pindo la mguu wa kushoto limeshonwa upya kwa mashine, tena kwa uzi wa kahawia. Nyumbani hakuna cherehani. Alipolala, unyayo wa kushoto wa mumewe ulimgusa, ukiwa baridi kama chupa iliyotoka kisimani. Akawaza: mguu huu umevuliwa kiatu, umekanyaga sakafu ya saruji ya mtu. Hakujiuliza kwa nini wa kulia ulikuwa na joto lake la kawaida. Wivu ni mpelelezi hodari, lakini ameajiriwa na upande mmoja.

Basi akaamua kumfuata. Dobi ana bahati moja: akibeba furushi la nguo, anaweza kupita mtaa wowote na hakuna anayemuuliza aendako. Aliaga kazini mapema, akabeba mashuka yasiyo ya mtu, akajificha ng'ambo ya ofisi ya maji mpaka mumewe alipotoka.

Bwana Mita alitembea vizuri mwanzoni, mkoba begani. Alipofika duka la vifaa vya ujenzi akasimama, akawa anatazama ndoo za rangi. Shangazi akarefusha shingo. Ndani mlikuwa na msichana wa kuuza. Ahaa, akasema moyoni, kumbe na huyu yumo. Mumewe akasimama kwa muda wa kukunja shuka moja, kisha huyo akaondoka kama kawaida. Akafika kwa fundi cherehani, akasimama tena, mkono kiunoni kama alivyosema Redio. Fundi akainua kichwa, akasema neno, akamsogezea kigoda. Hakukaa. Muda wa kukunja shuka moja, huyo. Mara ya tatu alisimama kwenye ukuta wa shule, ukuta mtupu ambao hauna dirisha wala mlango wala mwanamke, na shangazi, ambaye kwa wakati huo jasho lilikuwa linamtiririka chini ya furushi, akakata shauri kwamba huyo wa tatu amechelewa kufika.

Nilipomuuliza baadaye kama hakuona ajabu mwanamume kuwa na miadi na ukuta, aliniambia, "Mwanangu, mimi nilikuwa nahesabu wanawake. Ukuta sikuuhesabu."

Alimfuata siku nyingine nyingi. Alijua sasa kwamba mumewe akipita njia ya kilimani husimama mapema zaidi, hata kabla ya tangi la maji. Alijua kwamba hakai, husimama tu, na hutazama kitu chochote kilicho mbele yake kana kwamba anakinunua. Yote hayo aliyaweka kichwani kwa ajili ya kesi ya ndoa. Alikuwa anasubiri kitu kimoja tu, kuwakuta.

Akawakuta. Ilikuwa jioni ya mvua nyepesi. Kigoda kilikuwa katikati ya chumba cha fundi, Bwana Mita amekaa juu yake, kiatu cha kushoto kimevuliwa, suruali imekunjwa mpaka gotini. Fundi alikuwa amepiga magoti mbele yake, ameushika unyayo ule kwa mikono yake miwili laini.

Shangazi aliweka furushi chini taratibu.

"Endeleeni," alisema. "Mimi nimeleta nguo tu."

Bwana Mita akataka kusimama na kiatu kimoja.

"Kaa, bwana. Fundi hajamaliza kupima."

"Mama watoto, sikiliza..."

"Dada, karibu," alisema fundi, hata hakushtuka. "Njoo uone hiki kidonda kidoleni. Hakiponi. Nimemwambia akuonyeshe, hataki."

"Umemwambia anionyeshe." Shangazi alilirudia neno lile kama anayeonja maziwa yaliyochacha. "Kwa hiyo siku hizi mume wangu nikitaka kumwona, naomba ruhusa kwako?"

"Mimi nashona nguo, dada. Mguu ukimkamata anapumzika hapa. Mpeleke hospitali."

"Mguu unamkamata. Na pindo la suruali je, nani alilikamata?"

"Nililishona mimi. Lilikuwa linaburuzika chini."

"Suruali ya bluu, uzi wa kahawia."

"Ndio uliokuwa kwenye mashine."

"Ungeniheshimu hata kwa rangi," alisema shangazi, akabeba furushi lake, akatoka.

Bwana Mita alipofika nyumbani, alikuta mkoba uko kitandani, magauni mawili ndani na pasi juu yake. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akaanza kusema. Kwa mara ya kwanza alisema yote. Kwamba tangu msimu uliopita, akitembea kidogo, shavu la mguu wa kushoto hukaza kama kamba inayopindwa, mpaka asimame. Akisimama, maumivu huondoka yenyewe. Akitembea tena, hurudi mahali pale pale. Kwamba aliona aibu kusimama barabarani bila sababu, ndiyo maana hutazama ndoo na vitambaa. Kwamba msoma mita asiyeweza kutembea ni sawa na dereva kipofu, na ofisini wakijua, wataleta kijana.

"Na hospitali hukwenda?"

"Nilikwenda zahanati. Wakanipa dawa ya kuchua na vidonge. Nikarudi, wakaniambia ni umri."

Hapo mimi, niliyesomea tiba, hushindwa kujizuia. Alikwenda pale akiwa na mguu, akasema mguu, na hakuna aliyemvua kiatu. Hakuna aliyemuuliza unauma wakati gani, wala aliyeweka kidole juu ya unyayo kusikiliza kama damu inafika. Kidole hakinunuliwi, hakihitaji umeme, hakisubiri bajeti. Walimtazama usoni, wakaona mvi, wakampa umri. Umri si ugonjwa. Umri ni jina tunalowapa wazee tukiwa tumechoka kuwauliza maswali.

"Kwa nini hukuniambia mimi?" aliuliza shangazi.

"Uliponiuliza, nilishasema naangalia mita. Ningekwambia ni mguu, ungesema mguu gani huu unaouma mbele ya fundi tu."

"Na ningekuwa na haki."

"Ungekuwa na haki."

Shangazi alifunga mkoba. "Kesho tunakwenda hospitali kubwa. Daktari akisema mguu ni mzima, natokea huko huko kwenda kwa kaka yangu."

Kwa hiyo ieleweke: hakumpeleka mumewe kutibiwa. Alimpeleka kukamatwa. Mkoba alikwenda nao, na mlinzi wa getini alipoufungua akakuna kichwa.

"Mama, pasi ya nini hospitali?"

"Itategemea na majibu," alisema shangazi, akapita.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, amejifunga nywele kwa kitambaa, na shangazi alimpima kwa jicho moja kutoka kichwani hadi viatuni. Kitu cha kwanza alichokifanya daktari yule, kabla hata ya kukaa vizuri, ni kumwambia Bwana Mita avue viatu vyote viwili na soksi. Kisha akaanza kuuliza.

"Unauma wakati gani, mzee?"

"Mara moja moja tu," alisema Bwana Mita.

"Mwongo," alisema shangazi.

Daktari akamgeukia.

"Unauma kila siku akitoka kazini. Anatembea mpaka duka la vifaa vya ujenzi, anasimama. Halafu mpaka kwa fundi cherehani, anasimama. Halafu ukuta wa shule. Umbali ni ule ule, kama vituo vya basi."

"Akisimama tu unaacha, au mpaka akae?"

"Hakai. Anasimama muda wa kukunja shuka moja, anaondoka."

"Akipanda mlima?"

"Anasimama mapema zaidi, kabla ya tangi la maji."

"Anavuta sigara?"

"Tangu kabla sijamjua. Anasema ameacha. Mifuko ya mashati inasema hajaacha."

Daktari alikuwa anaandika haraka. "Na akiwa kitandani?"

"Mguu wa kushoto ni baridi. Nilidhani..."

"Ulidhani nini, mama?"

"Nilidhani umetoka kwenye sakafu ya mtu."

Bwana Mita alimtazama mkewe kama mtu anayeiona nyumba yake kutoka angani. Hakujua kwamba alikuwa anatazamwa kiasi kile. Na mimi nasema, madaktari wengi wangetoa mshahara wao kumpata msimulizi wa namna hiyo, maana mgonjwa huficha, hupunguza, husahau, lakini mwenye wivu hasahau kitu.

Kisha vipimo. Bwana Mita akalala kitandani. Daktari aliutazama mguu wa kushoto, akamwonyesha shangazi jinsi ngozi ilivyong'aa na vinyweleo vilivyopotea kwenye muundi, tofauti na mguu wa pili. Akagusa kidonda cha kidole pembezoni. Halafu akapeleka vidole kwenye kinena cha Bwana Mita, na shangazi akasimama.

"Samahani, daktari. Huko mnatafuta nini?"

"Mshipa mkubwa wa damu wa mguu unapita hapa, mama. Njoo uweke kidole mwenyewe."

Shangazi akaweka, kwanza upande wa kulia. Mshipa ulimgonga kidoleni, mzito, kama mtu anayebisha mlango. Akahamia kushoto. Ulikuwapo, lakini kwa mbali, kama hodi ya mtu mwenye aibu. Daktari akamshika mkono, akamshusha mpaka juu ya unyayo wa kulia. Hapo pia palikuwa pakigonga. Kisha unyayo wa kushoto. Shangazi alisubiri. Akabonyeza, akalegeza, akasogeza kidole, akasubiri tena.

"Hakuna kitu," alisema.

"Sawa," alisema daktari kwa upole. "Sasa tusikilize kwa mashine."

Akamfunga Bwana Mita kile kitambaa cha kupimia presha mkononi, kisha kwenye kifundo cha kila mguu, na akapaka jeli na kuweka kitu kama kalamu nene inayopaza sauti ya damu. Mkononi damu ilisema shwa, shwa, shwa, kama ufagio uani. Mguu wa kulia vivyo hivyo. Kwenye mguu wa kushoto sauti ilikuwa nyembamba, ya kunong'ona, na presha yake ilikaribia nusu tu ya ile ya mkononi. Daktari alieleza kwamba mishipa inayopeleka damu kwenye mguu ule imeziba kwa ndani, mafuta na moshi wa miaka mingi vimegandana humo. Mguu ukiwa umetulia, damu kidogo inautosha. Ukitembea, msuli unadai zaidi, haipati, unalia. Ukisimama, deni la msuli linalipwa, unanyamaza.

"Presha ya maji mwisho wa laini," alisema Bwana Mita kutoka kitandani, taratibu. "Bomba limejaa kutu. Bomba la uani linatoa vizuri, la jikoni linadondosha."

"Ndiyo hivyo, mzee. Na bomba la moyo na la kichwa yako kwenye mtandao huo huo. Likiziba moja, tunayashuku yote. Mshipa wa moyo ukiziba, mtu anaweza kubanwa na kifua, pumzi ikamwisha, maumivu yakashuka mkononi au yakapanda taya. Wa kichwa ukiziba, mdomo hupinda, mkono hulegea. Likitokea lolote, hamngoji kesho."

Akamwagiza akapimwe umeme wa moyo, sukari na mafuta ya damu. Moyo ulionekana unakwenda vizuri kwa sasa, sukari haikuwa na neno, presha ilikuwa juu na mafuta yamezidi. Akampa dawa za kumeza kila siku, akamwonya kuhusu sigara kwa sauti isiyo na mzaha, akampangia siku ya kupigwa picha ya mishipa. Kidonda kikasafishwa na kufungwa. "Kidonda cha namna hii kikichelewa," alisema, "watu hupoteza mguu. Mmekuja wakati bado tunaweza kuongea."

Shangazi alikuwa amekumbatia mkoba wenye pasi. "Kwa hiyo hakuna mwanamke," alisema.

"Mama," alisema daktari, "mimi nimepima mishipa tu."

Ungedhani alirudi nyumbani akishangilia. Mume si mzinzi, mguu utapona, kesi imekwisha. Hapana. Pasi ilirudi mezani, lakini shangazi alikaa siku kadhaa uso umemvimba kama aliyeng'atwa na nyuki. Nilikwenda kuwaona, nikamkuta anapiga pasi shati lile lile mara mbili, na nikamuuliza kinachomsumbua sasa ni kipi.

"Bora angempa busu," aliniambia, "kuliko kumpa mguu."

"Shangazi."

"Usinishangae. Busu ni la njiani, watu huokota na kutupa. Maumivu ni ya nyumbani. Mimi nimemfulia huyu mtu maisha yangu yote, najua jasho lake la woga na jasho lake la kazi. Halafu siku mwili wake unakataa, nani alikuwa wa kwanza kujua? Fundi. Angekuwa na mwanamke ningeondoka. Sasa nitaondoka kwa sababu gani? Kwamba aliumwa mbele ya mtu mwingine?"

Niliyosoma chuoni hayakuwa na sura ya jambo hilo.

Alimwendea fundi mwenyewe. Alisimama nje ya dirisha, hakuingia.

"Alikwambia lini?" aliuliza bila salamu.

"Hakuniambia, dada," alisema fundi, na kwa mara ya kwanza aliacha kukanyaga cherehani. "Nilimwona. Alikuwa anakunja uso akisimama. Nikampa kigoda, akakataa mara nyingi sana."

"Na mimi nina macho."

"Unayo. Ulikuwa unatafuta kingine."

Fundi akaushika mkasi, akauweka chini.

"Nikwambie kitu? Nilikuona ng'ambo ya barabara na yale mashuka yako. Siku zote niliona. Mimi mume wangu alipoanza kuchelewa kurudi, sikutoka hata mlangoni. Nilisema mtu mzima hafuatwi. Akaenda moja kwa moja. Nilipokuona umejificha nyuma ya nguzo na furushi kubwa kuliko nguzo, nilikuonea wivu mpaka nikakosea kukata kitambaa cha watu."

"Ungeniambia."

"Ungenisikiliza?"

"Nisingekusikiliza," alikiri shangazi, akaondoka. Hawakupatana. Lakini siku hizi, akimtaja, hamwiti tena "yule mwenye mikono".

Kidonda kilipofunga, daktari aliagiza dawa ambayo Bwana Mita hakuitegemea: kutembea. Atembee mpaka mguu uanze kuuma, aendelee kidogo, asimame utulie, atembee tena, kila siku. Damu ikidaiwa mara kwa mara, alisema, mwili hujifungulia vijia vya pembeni. "Nani atatembea naye?" aliuliza, na shangazi akajibu kabla swali halijakauka.

Njia aliichagua yeye, ya kilimani, mbali na fundi. Siku ya kwanza mguu ulimkamata mumewe mapema, na waliposimama, walijikuta mbele ya saluni yenye milango wazi na wasichana wamejaa. "Hapa ndipo ulipotaka kunileta?" aliuliza Bwana Mita kwa unyonge wa uongo. Kesho yake wakarudi njia ya tambarare.

Wanatembea hivyo jioni zote. Yeye upande wa barabara, mumewe upande wa ndani, na wakifika karibu na kwa fundi, shangazi hubadilisha nafasi ili awe kati ya mumewe na dirisha. Mwanzoni mumewe alikuwa na tabia yake ya zamani: alisimama, akatazama vitambaa, akasubiri, na shangazi ndiye aliyelazimika kumuuliza, "Unauma?" naye akajibu, "Kidogo." Hilo neno "kidogo" lilimchoma shangazi kuliko kigoda. Lilikuwa jibu la mtu anayejibu zahanati.

Jioni moja walikaribia pale, fundi akiwa dirishani ameshika pini midomoni. Walikuwa wameshapita duka la dawa. Bwana Mita akapunguza mwendo, akasimama, na kabla shangazi hajafungua kinywa, akamshika mkono.

"Mke wangu," alisema, kwa sauti ya kutosha kuvuka cherehani, "umeanza sasa hivi. Hapa nyuma, kwenye shavu la mguu. Si kidogo. Ni kama jana, ila leo umechelewa kuanza."

Shangazi kwanza aligeuka, akatazama dirishani, kuhakikisha fundi amesikia nani ameambiwa.